Bawabu wa Sinema na Mtoto wa Masakta

Masakta ni kata ya wilaya ya Hanang katika mkoa wa Manyara, mbali na chumvi ya bahari. Watu wa pwani huzisoma saa zao katika maji kupwa na maji kujaa; wa huko huyatazama mawingu yanayotua juu ya mlima Hanang, ambao kilele chake kimepita mita 3,400. Ni nchi ya mahindi, maharage, ngano na ng'ombe. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, waliotawanyika kutoka nyanda za juu za Mbulu katika karne ya 20, na Wadatoga wa tawi la Barbaig, waliokuwako na mifugo yao kabla ya hapo. Wilaya ya Hanang ilikatwa kutoka Mbulu, na mkoa wa Manyara ukakatwa kutoka Arusha mwaka 2002.

Msomaji wa visiwani aweza kuuliza: Masakta inatuhusu nini? Jibu liko katika mpangilio wa mambo. Unguja iliipokea picha inayokwenda hatua kwa hatua, na kwa muda wa karne nzima: kwanza jumba la sinema, kisha televisheni, kisha kanda ya video, kisha kompyuta, na mwisho simu. Kila chombo kilikuja na mlango wake, na kila mlango ulikuwa na mtu wa kuulinda, awe hodari au mzembe. Vijiji vya nyanda za Hanang na Mbulu viliruka ngazi nyingi kati ya hizo. Mtoto wa huko aghalabu hakuwahi kukata tiketi ya sinema. Picha ya kwanza inayokwenda aliiona katika kiganja cha mtu, na haikuwa na bawabu.

Ndiyo sababu suala la kumlinda mtoto dhidi ya picha za ngono na dhidi ya watu wanaomwinda kwa kupitia mitandao haliwezi kueleweka kwa kuanzia kwenye simu. Lina historia ndefu kuliko simu, na historia hiyo imeanzia pwani. Katika historia hiyo yote swali moja limekuwa likirudi kwa nguo mpya: je, mlinzi amewekwa amlinde mtoto, au jina la mtoto limetumiwa ili mlinzi awalinde watu wazima wasione na wasiseme?

*

Jumba la sinema la Royal, lililojengwa kwa michoro ya J. H. Sinclair, lilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1921. Baadaye liliungua, na mahali pake pakasimama Majestic mwaka 1955. Wazee waliokulia Mji Mkongwe na Ng'ambo wanayakumbuka majumba hayo kwa filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani, na kwa siku za Idi ambapo foleni ilipinda kona. Bawabu wa sinema alikuwa mtu wa mtaani. Aliwajua watoto kwa majina ya baba zao. Mtoto aliyetaka kupenya kwenye filamu isiyomfaa alikuwa na vizuizi viwili: tiketi aliyopaswa kuinunua, na macho ya jirani ambaye angelifikisha neno nyumbani kabla yeye hajafika.

Juu ya bawabu huyo palikuwapo bawabu mwingine asiyeonekana, naye ni bodi ya ukaguzi. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliziogopa filamu mapema. Hofu yao ya kwanza haikuwa juu ya watoto. Waliogopa kwamba Mwafrika akimwona Mzungu analewa, anaiba au anabusu hadharani, heshima ya mtawala itaporomoka. Katika Kenya na Tanganyika zikawako filamu zilizoruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Mtu mzima mwenye mke na watoto, mlipa kodi, alihesabiwa mlangoni kama mtoto mdogo kwa sababu ya rangi yake. Hapo pana funzo la kwanza la historia hii: udhibiti uliojitia kulinda wanyonge ulianza kwa kuwafanya watu wazima kuwa watoto.

Baada ya uhuru mkasi haukutupwa, ulibadilisha mkono. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 iliyataifisha majumba ya sinema. Mwaka 1973 ilianzisha Televisheni Zanzibar, iliyokuwa ya rangi wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo, nayo ilikuwa mali ya serikali, kwa hiyo kilichoonyeshwa kilikuwa kimekwisha kupita mikononi mwa wakubwa. Bara ilipitishwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, iliyotaka filamu na tamthilia zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Televisheni bara ilichelewa mpaka mwaka 1994. Visiwani kazi hiyo ilikuja kuwekwa mikononi mwa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, linalojulikana kwa kifupi kama BASSFU.

Sheria hizo zilikuwa na maana pale tu ambapo palikuwa na jumba, mradi wa umeme na mtu wa kukamatwa. Kanda ya video ilipoingia miaka ya 1980 na 1990, mambo yalilegea. Katika miji midogo na vijiji vya Afrika Mashariki yakachipuka mabanda ya video: jenereta, televisheni moja, viti vya mbao na shuka jeusi dirishani. Mchana zilionyeshwa filamu za mapigano. Usiku ulipoingia, katika baadhi ya mabanda, kanda ilibadilishwa. Mlango ulikuwapo, lakini bawabu alikuwa mwenye banda mwenyewe, na faida yake ilikuwa katika idadi ya vichwa. Mkaguzi wa filamu alikaa mjini na mhuri wake. Mtoto alikaa kijijini na shilingi yake. Pengo kati ya wawili hao lilionekana tangu wakati huo, ila halikuzibwa.

*

Kabla ya kuifikia simu, yafaa kusimama kidogo kwenye wimbo mmoja, kwa kuwa wapenzi wa ushairi wanao ushahidi wao katika kesi hii. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, aliimba juu ya mtu aliyeitwa Kijiti. Kisa chenyewe ni cha miaka ya 1920: mwanamke mjamzito aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam alinajisiwa akauawa. Mtuhumiwa akakimbilia bara. Waliotiwa adabu na mahakama wakawa ni wanawake waliofika mbele ya hakimu kueleza walichokiona. Mji mzima ulikijua kisa kwa sababu ya wimbo huo, si kwa sababu ya hukumu.

Lau mkasi wa sensa ungetumiwa bila akili, wimbo huo ungekuwa wa kwanza kukatwa. Una unajisi ndani yake, una ulevi, una kifo cha mwanamke. Hata hivyo, haukuwa uchafu. Ulitaja uchafu ili watu waujue na waukatae, na ulimtaja mtendaji pale sheria iliposhindwa kumshika. Kuna tofauti kati ya kuuza unyama na kuusema, na tofauti hiyo haimo katika maneno wala katika viungo vya mwili vinavyotajwa. Imo katika kazi inayofanywa na maneno hayo. Mashine ya kuchuja maneno haiwezi kuiona. Karani mvivu wa ukaguzi naye hawezi.

Pwani ilikuwa na njia nyingine za kusema yasiyosemwa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utendi wa wosia karibu na mwaka 1858, na ndani yake maisha ya mke na mume yamo, kwa adabu na bila kificho. Somo na kungwi walimfunza mwari kuhusu mwili wake kabla dunia haijamfunza kwa ukali. Si kila kilichofundishwa unyagoni kilikuwa chema, na mengi yalimwandaa msichana kumridhisha mume kuliko kujilinda. Ila jambo moja lilikuwapo: palikuwa na mtu mzima mwenye dhamana, mwenye jina, ambaye mtoto aliweza kumwuliza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, walisema wazee, na hawakudhani kwamba siku moja ulimwengu wote ungeingia mfukoni mwa kaptula.

*

Nyanda za Mbulu na Hanang nazo zilikuwa na mabawabu wake. Miongoni mwa Wairaqw, nchi iligawanywa katika maeneo yaliyoitwa aya, na kila aya ilikuwa na mpaka uliolindwa kwa ibada. Mnyama alizungushwa mpakani kabla ya kuchinjwa ili nchi ifungwe, maafa yasipenye. Wazee waliposimama kuomba baraka, walitoa slufay, sala ya kishairi ambayo mmoja huitongoa na wengine humwitikia. Anayeipenda tungo ya pwani ataitambua mara moja kazi ya kiitikio: hakuna anayebaki mtazamaji tu.

Wasichana wa Kiiraqw walikuwa na mafunzo ya kutawishwa yaliyoitwa marmo, ambamo wanawake wakubwa waliwaelekeza katika mambo ya utu uzima. Mafunzo hayo yalikomeshwa wakati wa utawala wa Waingereza, na hayakurudi. Huenda yalikuwa na madhara yake, kama desturi nyingi za kutawisha. Linalohusu habari hii ni kwamba yalipoondoka hakuna kilichowekwa mahali pake. Shule ilifundisha hesabu na siha. Kanisa lilifundisha dhambi na toba. Swali la msichana juu ya mwili wake likabaki halina anwani.

Wadatoga wa Barbaig walikuwa na chombo kingine, cha ajabu kwa wageni waliokiandika. Wanawake walikuwa na baraza lao wenyewe, girgwageda gademga, lililoketi kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake. Waliweza kumtoza faini, na waume waliheshimu hukumu hiyo kwa sababu waliogopa laana ya mama zao. Baraza hilo halikumfungia mtu macho wala halikukataza nyimbo. Lilingoja kosa, likamwita mkosaji kwa jina, likamfanya alipe mbele ya watu. Ni vigumu kupata mfano bora wa ulinzi uliolenga mtenda badala ya kulenga kila anayetazama.

Kwa hiyo tusidhani kwamba intaneti iliikuta Masakta ikiwa tupu. Iliikuta mahali ambapo walinzi wa zamani walikuwa wamekwisha kudhoofishwa, mmoja baada ya mwingine, na wapya walikuwa mbali. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili mawasiliano yafike vijijini ambako kampuni hazikuona faida. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Minara hiyo ni neema. Kwa simu mkulima hujua bei ya mahindi kabla ya kuuza, mama mjamzito huita gari, na mtoto wa shule husoma kitabu ambacho maktaba yake haina. Wimbi hilohilo huvuka mpaka wa aya bila kuzungushwa mnyama yeyote.

*

Serikali iliitikiaje? Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ikafuata Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na hatimaye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu.

Sheria hii ya mwisho inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu imeweka chumba kimoja kwa wageni wawili wasiofanana. Kifungu cha 13 kinakataza picha za ngono za watoto, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Hakuna mzazi, wa Hanang au wa Micheweni, atakayekilalamikia. Kifungu cha 14 kinakataza kuchapisha picha za ngono kwa jumla, bila kutenganisha sana mtu mzima na mtoto. Hatua mbili mbele, kifungu cha 16 kinamwadhibu anayechapisha habari za uongo au za kupotosha, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Mlinzi wa mtoto na mlinzi wa heshima ya wakubwa wakavaa sare moja.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Machi 2018 zilikwenda mbali zaidi. Mwandishi wa blogu alitakiwa kuwa na leseni, na gharama zake kwa mwaka wa kwanza zilifika shilingi milioni 2.1 kwa kujumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka. Wenye intaneti kafe walitakiwa kufunga kamera na kuwaandikisha wateja kwa vitambulisho. Katika orodha ya yaliyokatazwa zilikuwamo picha za ngono na matusi. Humohumo kilikuwamo kitu kilichoitwa maudhui yanayoleta kero. Kero ni neno pana kuliko bahari. Shairi zuri la malumbano huleta kero kwa anayelumbwa. Juni 2018 mtandao wa JamiiForums, uliokuwa baraza kubwa la mijadala ya Kiswahili, ulijifunga kwa muda kwa ajili ya kanuni hizo. Kanuni mpya zilitolewa mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022, na mwaka 2023 mamlaka ikawataka wanaotumia VPN waziandikishe.

Kisha likaja tukio la Mei 2025. Akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilivamiwa na wadukuzi, na mtandao huo ukazuiwa nchini. Waziri wa habari wa wakati huo, Jerry Silaa, alieleza kwamba X inaruhusu picha za ngono kinyume na sheria na maadili ya nchi. Ni kweli kwamba X ilikuwa imeruhusu rasmi maudhui hayo ya watu wazima mwaka uliotangulia. Ni kweli pia kwamba mtandao huo ulikuwa uwanja mkubwa wa mijadala ya siasa, na kwamba mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Aliyeufunga mlango alisema anafunga njia ya uchafu. Waliobaki nje walisema wamefungiwa midomo. Mabishano hayo hayatakwisha kwa sababu sheria yenyewe haikutenganisha mambo hayo mawili tangu mwanzo.

Na mtoto wa Masakta? Kijana mwenye VPN aliendelea kupenya, na asiyekuwa nayo alipokea video kwa WhatsApp au kwa kadi ya kumbukumbu inayopita mkono kwa mkono, ambayo haihitaji intaneti hata kidogo. Fundi simu wa sokoni anayejaza nyimbo na filamu kwenye kadi hajui habari za leseni za blogu.

*

Tanzania haipigani vita hii peke yake. Mwaka 1996 Marekani ilitunga sheria ya kukataza maneno na picha chafu mitandaoni kwa ajili ya watoto. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikibatilisha kiini chake, kwa hoja kwamba watu wazima hawawezi kuwekewa kipimo cha kinachowafaa watoto. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo iliikubali sheria nyembamba zaidi: maktaba zinazopokea fedha za serikali kuu ziweke vichujio kwenye kompyuta zake, na mtu mzima akiomba aondolewe kichujio. Uingereza, kwa sheria yake ya 2023, ilianza Julai 2025 kuzitaka tovuti za ngono zihakiki umri wa mtazamaji. Kila njia ina gharama. Kuhakiki umri kunataka kitambulisho, na kitambulisho kinataka kuaminiwa kwa anayekihifadhi. Lakini ukitazama mwendo wa nchi hizo, utaona sheria zikijaribu kupungua upana na kuongeza makali.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unavishika vyote viwili. Kifungu cha 34 kinataka mtoto alindwe dhidi ya unyonywaji wa kingono. Kifungu cha 13 na cha 17 vinampa mtoto huyohuyo haki ya kutafuta habari na kuzipata. Mkataba haukuona mgongano hapo. Uliona mtoto mmoja mwenye haja mbili.

Takwimu nazo zina neno lao. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili kwa watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya takriban 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wakati huo simu yenye intaneti ilikuwa haba vijijini. Utafiti wa mwaka 2022 uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliwahoji watoto wa miaka 12 hadi 17. Uliwakuta asilimia 67 wakitumia intaneti, na katika hao asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa unyonyaji wa kingono wa wazi kwa kupitia mtandao katika mwaka mmoja tu. Mtenda mara nyingi alikuwa mtu ambaye mtoto anamjua. Na waliotendewa, ni wachache mno waliofika polisi au waliopiga simu ya msaada.

Sentensi hizo mbili za mwisho ndizo zinazopaswa kumkosesha usingizi mtunga sheria. Kichujio hakimwoni mjomba. Mtandao ukizuiwa nchi nzima, jirani anayemwomba binti picha kwa ahadi ya vocha bado ana namba yake. Anachokitegemea mtu huyo ni kimoja: kwamba mtoto hatasema. Atanyamaza kwa sababu hana neno la kulitaja lililompata, au kwa sababu analo lakini amefunzwa kuwa kulitaja ni utovu wa adabu, au kwa sababu anaogopa kwamba atakayeadhibiwa ni yeye, kama walivyoadhibiwa mashahidi wa kisa cha Kijiti.

Hapo ndipo udhibiti uliopita kiasi unapokuwa hatari kwa mtoto mwenyewe. Ukiipiga marufuku picha, ukalipiga marufuku na neno, ukamtia hofu mwandishi, mwalimu, mtunzi na mchezaji wa kuigiza wasilisemee jambo hilo, umemwondolea mtoto ushahidi wake. Umeufanyia kazi ukimya, na ukimya ni mali ya mwindaji. Kinaya kinazidi ukikumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa 14 kwa idhini ya mahakama, mpaka Rebeca Gyumi alipokwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha mwaka 2019. Nchi iliyochelewa hivyo kumwona msichana wa miaka 15 kuwa mtoto mbele ya ndoa haikusita kumwona mtu wa miaka 40 kuwa mtoto mbele ya skrini.

Ulinzi mwembamba na mkali unawezekana, na vipande vyake vingi vipo. Picha ya mtoto anayedhalilishwa ni ushahidi wa jinai, na hakuna hoja ya uhuru wa kusema inayoikinga. Internet Watch Foundation ya Uingereza ina lango la Tanzania ambapo mtu anaweza kuiripoti bila kujitaja ili iondolewe. Polisi wana madawati ya jinsia na watoto. Namba 116 hupigwa bure na mtoto yeyote, na haihitaji intaneti wala simu ya kupangusa. Kitochi cha bibi kinatosha. Kifungu cha picha za watoto kingeweza kutolewa katika chumba kimoja na kifungu cha kero na cha uongo, kikapewa wapelelezi wake, mafunzo yake na fedha zake, na asiwepo mwanasiasa wa kujificha nyuma yake.

Lililobaki si la sheria. Ni la kumrudisha yule mtu mzima mwenye jina, ambaye marmo na unyago vilikuwa naye, bila kuyarudisha madhara yao: mwalimu, shangazi, nyakanga, mchungaji, ustadhi, anayeweza kuulizwa na asiyechapa kwa sababu ameulizwa. Wanawake wa Barbaig walijua kwamba kosa lina mtendaji, na mtendaji ana jina. Siti alijua hivyo pia, akaliimba.

Bawabu wa Majestic hatarudi, na katika Masakta hakuwahi kufika. Lakini kazi yake halisi haikuwa kukata tiketi. Alimjua mtoto, na mtoto alijua kwamba anajulikana. Jioni moja msichana wa darasa la sita, chini ya mlima Hanang, atafunguliwa simu na mtu anayemwamini na kuonyeshwa asichopaswa kuona. Saa hiyo hakuna waziri atakayekuwapo, wala mnara uliozimwa hautamfaa. Litakalomfaa ni neno alilofunzwa mapema, kwa Kiiraqw, kwa Kidatoga au kwa Kiswahili, na mtu wa kumwambia kabla ya usiku kuingia.